Kisima Chako Hakijapona, Mama

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo huko uliko. Nakuandikia kwa sababu Tata, mumeo, hataki tena kunisikia, na hakuna mwingine aliyekijua kile kisima kama wewe.

Ulikichimba na akina mama wenzako, mimi nikiwa mgongoni mwako, au ndivyo ulivyokuwa ukijisifu. Mgeni akifika kwetu Kemambo, kabla hajaketi vizuri ulishachota maji kwa kibuyu. Unaonja kwanza wewe, unasubiri kidogo, ndipo unampa. Siku moja nilikuuliza kwa nini. Ukanicheka: "We Bhoke! Mgeni atajuaje kwamba simuui?"

Unaikumbuka ile yadi ya malori pale mlimani? Ulipofariki ilikuwa bado inafanya kazi. Baadaye tangi lao la mafuta likavuja chini kwa chini, mwenye yadi akafunga akaenda zake, na maji yako yakaanza kunuka. Wakaja watu wa mradi wa kusafisha, nami nikaajiriwa nao. Nilivimba kichwa, usiulize! Walitoboa visima vyembamba kuzunguka boma letu, wakaleta mtambo wa kutengeneza ozoni, hewa kali yenye harufu ile ya baada ya radi kupiga, wakaisukuma ardhini ikayamalize mafuta. Kazi yangu ilikuwa kuchota sampuli, kuzipeleka maabara na kufuatilia kama sumu inapungua. Ikapungua, Mama. Harufu ikaisha kabisa. Nilimkumbatia Tata kama mwendawazimu. Wakapiga picha, wakapakia mtambo kwenye lori, wakaondoka.

Halafu mvua za masika zikanyesha. Maji yalipanda ardhini, yakagusa udongo ambao ozoni haikuufikia, na sumu ikarudi. Safari hii hainuki. Nilichota upya nikiomba niwe nimekosea, majibu yakawa yale yale. Nikampigia simu bosi wangu. "Pole dada," akasema, "mradi umeshafungwa." Basi.

Tata alikuwa ameshaanza kuyanywa. "Pua ninayo," alisema. "Maji yamepona." Nikamwambia sumu imebaki. "Wewe umeionja?" Kwake karatasi ya maabara si kitu, maji huonjwa.

Jumapili iliyopita nilikwenda kumsihi tena. Alitoa kibuyu chako, kile chenye ufa ulioushona kwa uzi. Akachota, akaonja, akasubiri kidogo, vilevile kama wewe. Kisha akaninyooshea kwa mikono miwili. Majirani walikuwa wamesimama kwenye ua wanatazama, madumu yao chini. Nilijua wanachongoja. Nikinywa mimi, mtu wa vipimo, kesho watayachota na kuwapa watoto wao.

Nikayamwaga.

Yalaa, Mama, ulimwona? Hakunifokea, afadhali angefoka. Alikifuta kibuyu kwa shati lake, akasema, "Hata adui hunywa," akaingia ndani. Majirani wakainua madumu yao. Wengine waliondoka nayo matupu. Wengine walikwenda kisimani mbele ya macho yangu, kwa sababu mzee ameonja na binti amekosa adabu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, si ndivyo mlivyotufundisha? Nimekuja, na mwenyeji ananifia taratibu. Sina mtambo, sina bosi, na kwetu sina neno. Bado nachota sampuli, sijui namchotea nani. Nimechoka, Mama. Sina tumaini, na wewe sitakudanganya kwamba ninalo.

Asubuhi ya leo nimepita barabarani nikamwona Tata mlangoni, kibuyu mkononi. Alinitazama, akanywa.

Akifika huko kwako, mpokee vizuri. Mchotee maji, Mama, na uonje kwanza wewe.

Ni mimi binti yako,
niliyeyamwaga