Mama Neema, Walitaka Kuturuka

Mama Neema,

Nakuandikia nikiwa nimekaa mlangoni, upande ule usiopigwa na upepo. Asubuhi nilikuja kaburini kwako, pembeni ya shamba, nikang'oa majani, nikataka kuongea na wewe kidogo. Akapita mtu na baiskeli, akanisalimia, maneno yakaniishia. Unanijua, mimi si mtu wa kusimama shambani nikiongea peke yangu huku watu wanapita. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Unisamehe kwamba ni kwa Kiswahili. Maisha yetu yote humu ndani tumeongea Kinyaturu, lakini kuandika tulifundishwa kwa Kiswahili, na nikijaribu kuyaandika maneno yetu naona kama yameandikwa na mtu mwingine.

Siku za msiba nyumba ilijaa. Watu walilala hadi kwenye banda la alizeti. Nilikuwa nawaza lini wataondoka nipate kukaa na wewe peke yangu, kama mjinga, maana wewe ndiye uliyekuwa umeondoka. Matanga yakaisha, wakaaga mmoja mmoja. Neema akabaki siku chache zaidi. Akafua mapazia, akapanga unga kwenye ndoo, akaniambia, "Baba, ndoo ya bluu ni unga wa uwele, nyeupe ni wa mahindi." Nikasema sawa. Naye akapanda basi akarudi mjini Singida kwa mume wake na watoto.

Jioni ile nilikaa hapa nje mpaka baridi ikaniingia kwenye mifupa. Sikujua nasubiri nini. Baadaye ndiyo nikajua. Nilikuwa nasubiri uniambie, "Baba Neema, ingia ndani, upepo huo." Hakuna aliyesema. Nikaingia mwenyewe.

Mimi nimejenga nyumba za watu hapa Ikungi tangu kijana. Ukuta naujua, tofali nalijua. Ila ugali nilikuwa naukuta mezani. Ule wa kwanza niliousonga ulikuwa mzuri kwa nje, nikafurahi, kuumega ndani unga mkavu. Nikala pembeni pembeni kwa chumvi, maana mlenda sikujua hata unaanzia wapi. Kuku wako nao walinisumbua. Nikiwaita wanasimama mbali wananitazama. Nikajaribu kuita kama ulivyokuwa unaita wewe, kwa ule mlio wa ulimi, wakakimbilia kwa jirani.

Jirani mwenyewe, Mama Salma, ndiye aliyeniokoa. Mwanzoni alikuwa analeta sahani imefunikwa, anaiweka kizingitini bila maneno mengi. Nikaona aibu. Nikamwambia, shemeji, usihangaike, nitapika. Akasema haya. Kesho yake akasimama kwenye ua wa minyaa, mimi nipo jikoni mlango wazi, akawa ananielekeza kutoka kulekule kwake. "Maji yachemke kwanza, shemeji. Unga hauna haraka. Sasa koroga. Siyo hivyo, hapo unakanda udongo wa tofali." Nilicheka, Mama Neema. Ilikuwa mara ya kwanza tangu uondoke, na nikashtuka kusikia sauti yangu inacheka humu jikoni kwako.

Lakini kula peke yako siyo kupika tu. Ugali ukaanza kutoka vizuri na bado nikawa sili. Nakaa mezani, namega mara mbili, nafunika. Neema alipokuja kunitazama akakuta suruali nimeifunga kwa kamba. Hakunigombeza. Alikaa chini akailia ile kamba kama analia msiba mwingine. Siku ileile akanichukua, tukaenda kwake.

Nisimsemee vibaya mwanetu. Alinipa chumba kizuri, na mume wake ananiamkia kila asubuhi kwa heshima yote. Ila asubuhi wote wanatoka. Yeye kazini, mume wake kazini, wajukuu shuleni. Nabaki mimi na televisheni na ukuta mrefu wenye geti. Jirani wa pale simjui hata sura, nasikia tu gari lake likiingia. Wajukuu wakirudi wanasema "Shikamoo babu," wanakaa na vitabu vyao. Nikiwasemesha Kinyaturu wanatazamana, wanacheka kwa adabu. Si kosa lao.

Nikawa natembea kwenda ziwani Singidani, nakaa juu ya mawe kutazama ndege walio majini. Siku moja mama mmoja aliyebeba ndoo ya dagaa akasimama akaniuliza, "Mzee, umepotea?" Nikamjibu sijapotea, napumzika. Akaenda hatua chache, akageuka tena kunitazama. Nilirudi nyumbani kwa Neema nikilifikiria lile swali.

Jioni hiyo Neema akaleta maneno aliyokuwa nayo moyoni muda mrefu. Akasema niishi pale moja kwa moja, nyumba ya Ikungi tuipangishe. Nikamwambia nyumba yetu ipo, siwezi kuiacha. Akaniuliza taratibu, "Baba, kule umebaki na nani?" Mama Neema, nilimtazama mtoto wetu nikatafuta jina la kumtajia, nikakosa. Nikakubali. Tukapatana nirudi mara moja nivune alizeti, kuku nimpe Mama Salma, nifunge vyombo, nifunge na mlango.

Nikarudi. Alizeti nikavuna, Mama Salma na binti zake wakanisaidia kuipura. Halafu nikaanza kufunga vyombo. Sufuria kubwa na vikombe nikavitia kwenye gunia, nikalishona mdomo. Kanga zako nikazitoa sandukuni, nikazirudisha. Nikazitoa tena. Nilikuwa nimekaa kitandani nazo mapajani pale Mama Agnes alipopiga hodi.

Yeye bado ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani. Hakutaka kuketi. Akasimama mlangoni akisugua mikono, akasema, "Baba Neema, Jumamosi hii ilikuwa zamu ya kusalia kwenu. Lakini tumekaa na wenzangu tukaona tukuruke. Mama hayupo, na tumesikia unahama. Hatutaki kukuchosha, baba. Tutaenda nyumba inayofuata."

Alisema kwa wema. Wote walifikiri kwa wema. Nikajibu sawa. Ndiyo, nilimjibu sawa, nikamshukuru, akageuka akaondoka. Nikabaki nimeshika mlango, natazama uwanja. Miaka yote zamu ilikuwa inafika hapa. Ulikuwa unafagia uwanja tangu juzi yake, mimi nakuambia unafagia hadi mawe. Sasa watu watatoka nyumba ile ya juu, watapita mbele ya mlango huu na vitabu vyao vya nyimbo mkononi, waende nyumba ile ya chini. Kama hapa katikati hakuna kitu.

Mama Agnes alikuwa ameshafika barabarani nikajisikia ninaita. "Mama Agnes. Msituruke."

Akasimama. Nilisema "msituruke," sikusema "msiniruke." Sikulipanga neno hilo, lilitoka hivyo.

Akarudi hatua mbili. Akauliza, "Chai atapika nani?"

"Mimi."

Nafikiri alitaka kucheka au kulia, sijui. Akasema, "Haya, baba. Jumamosi."

Basi nikaingia ndani nikakata uzi wa gunia nikatoa vikombe. Vingine vilikuwa vimeshapata vumbi, nikaviosha vyote. Nikafagia uwanja, na mawe nikafagia. Mabenchi nikaazima shuleni, mkeka nikapewa na Mama Salma. Yeye ni mtu wa msikitini lakini wiki ile ungedhani jumuiya ni yake. Alinipa maziwa, akaniambia tangawizi niponde, nisikate. Viazi vitamu nikachemsha mwenyewe. Meza nikaitandika kile kitambaa chako cha maua, ulichokuwa unasema ni cha wageni tu.

Wakaja. Niliogopa watakuja wachache, wakaja hadi wale ambao huwa hawaji. Mama Agnes akaongoza sala, akakutaja kwa jina lako lote la ubatizo, Veronika, na nikashangaa, maana jina hilo nilikuwa sijalisikia tangu kanisani siku ya kukuzika. Ukafika wakati wa kila mtu kutoa nia yake. Huyu mvua, yule mtoto wake anayeumwa. Ikafika kwangu. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa na maneno mazuri tu. Nikasema, "Namwombea Mama Neema," nikakwama. Upepo unapiga bati. Nikajua siwezi kuendelea, na wao wakajua. Wakaitikia wote pamoja, kwa sauti kubwa kuliko nia zote zilizotangulia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Nikainama nikafunika uso kwa kofia yangu.

Chai ilinuka moshi. Sikufichi. Niliiacha bila mfuniko kuni zikiwa mbichi. Wakainywa wakamaliza, wakaomba nyingine. Halafu wakakaa. Unajua ile watu wamemaliza sala lakini hakuna anayenyanyuka? Wakaongea habari za ugonjwa wa mdondo unaoua kuku, habari za mbegu za alizeti za mwaka huu, wakamcheka Mama Agnes alivyoanguka na pikipiki kwenye mchanga bila kuumia. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda changu nasikiliza. Nikasahau kidogo. Kisha nikageuka upande wa jikoni nikuone kama unasikia hayo ya pikipiki, na hukuwepo.

Wanawake wakaosha vyombo, wakaondoka. Akabaki Mzee Lazaro. Unakumbuka mke wake alitutoka zamani, watoto wetu wakiwa bado wadogo, na tangu hapo anakula kwa mwanawe. Akakizungusha kikombe mkononi, akaniuliza, "Chai hii umepika mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Hata viazi?"

"Hata viazi."

Akakiweka kikombe chini, akasema, "Jumamosi ijayo ni zamu yangu. Miaka yote mkwe wangu ndiye anayepika, mimi najikalia tu kama mgeni. Njoo mapema, tukapike wote."

Siku hizi tunaonana karibu kila siku. Haongei sana, na mimi siongei sana. Anakuja na fimbo yake, tunakaa hapa mlangoni, tunaongea Kinyaturu cha zamani, kile cha wazee wetu. Kuna maneno anayasema nilikuwa sijayasikia tangu uondoke. Neno moja alilisema juzi, lile ulilokuwa unamwitia Neema akiwa mtoto na akikasirika, nikalazimika kuingia ndani kidogo nikijifanya natafuta kiberiti.

Neema nilimpigia simu Jumapili, kesho yake ya sala ile. Nikamwambia, "Mwanangu, sihami." Akauliza lilelile, "Baba, kule uko na nani?" Safari hii nikamwambia nina Mama Salma ananisimamia ugali, nina Mzee Lazaro ananisubiri tukapike chai, na jumuiya inarudi hapa zamu ikifika. Nikamwambia na wewe upo, hapo pembeni ya shamba. Akalia. Halafu akasema kwa ile sauti yako ya kukata maneno, "Basi kila mwisho wa mwezi ninakuja na watoto, na wewe usiniambie uko mzima kama si mzima." Nikasema sawa. Amekuja mara ya kwanza wiki iliyopita. Niliwapikia ugali wa uwele na mlenda. Mjukuu mkubwa alikula akaongeza. Mdogo alisema una mchanga, na ni kweli ulikuwa na mchanga kidogo.

Nisikudanganye, Mama Neema, kwamba nimepona. Asubuhi naamka nimelala upande wangu uleule wa kitanda, upande wako haujakunjamana. Nikitoka sokoni nina habari, natembea haraka kuja kukuambia, nafika hapo kwenye minyaa ndiyo nakumbuka. Zipo siku sifungui mlango mpaka jua liwe juu. Mzee Lazaro aliniambia yeye bado zinamjia siku kama hizo, na mke wake ameondoka siku nyingi. Nilitaka aniambie zinaisha. Hakuniambia, na nilimshukuru kwa hilo.

Lakini shamba nimeshalisafisha. Mvua zikianza napanda alizeti ule upande wa juu, na uwele upande wa chini kama ulivyotaka mwaka jana nikakubishia. Ukuta wa jikoni, pale ulipoanza kumong'onyoka, nitapaziba wiki hii. Kanga zako Neema amechukua mbili, moja nimempa Mama Salma, zilizobaki zipo sandukuni na zitakaa humo.

Nakuahidi hivi. Nitakaa hapa nyumbani kwetu na nitakula, hata siku ambayo sitaki. Na siku nitakayoona nguvu zimekwisha, nitamwambia Neema mwenyewe kwa mdomo wangu, sitasubiri mpaka anikute tena nimefunga suruali kwa kamba.

Mzee Lazaro huyo anakuja, namwona kule barabarani na fimbo yake. Acha niweke maji jikoni.

Pumzika, mke wangu. Mimi nipo.

Baba Neema