Mwili Ulionitoka Baada Yako

Mama Zuhura,

Mkono huu ni wangu mwenyewe, sikumwomba mtu aniandikie. Lile darasa la watu wazima ulilokuwa ukinichekea, "Baba Zuhura anashika kalamu kama jembe," leo limezaa matunda.

Hapa Chilangala korosho siku hizi zinanunuliwa na watu binafsi. Wanakuja na mizani yao, wanaining'iniza mtini. Vijana mchezo wao ni ule ule, magunia yakiisha wanajipima wenyewe. Unakumbuka nilivyokuwa nikidandia, mshale unakimbia, watu wanapiga kelele? Kutoka hapa mpaka Kitangari hakukuwa na mwanamume mwenye mwili kama wangu. Nawe ukasema, "Mwili huo ni ugali wangu, usijisifu nao."

Msimu huu wakaniita, "Babu, njoo utuonyeshe!" Nikasema kiuno kinauma. Uongo. Suruali naifunga kwa kamba. Nikapita zangu, nikasikia nyuma: "Mke kafa, na yeye anakwisha. Ni ule ugonjwa, huo."

Mama Zuhura, wewe ulikufa kwa presha. Waliokuosha waliona umeondoka na mwili wako mzima. Lakini kila ninavyokonda, matope wanakupaka wewe. Hilo ndilo linaloniuma, si mbavu.

Basi nikaenda Newala kwenye mitumba, nikanunua koti zito la watu wa nchi za baridi. Nalivaa juani, ndani mashati mawili. Koti zuri, hakuna mzee mwenye kama hilo. Nikadhani wataona nimenenepa. Wakaona mgonjwa wa homa. Hata kula barazani na wenzangu nikaacha, wasinihesabie matonge. Napika mwenyewe, nakaa na sufuria, chakula kinagoma kooni. Siumwi. Hakuna tu mtu wa kuniambia ongeza. Kitanda chetu cha kamba kilikuwa kikizama upande wangu, unaniporomokea, unalalamika. Sasa kimenyooka. Kimenyooka kabisa.

Juzi jirani yetu Baba Asumini kaja na sahani ya ming'oko, vile viazi vya porini, kaketi mlangoni pangu, kanawa. "Shemeji nilimzika mie, najua kilichomuua. Ukijificha ndiyo unawapa maneno. Vua hilo blanketi tule, mbishi wee!"

Nikavua. Akanitazama, hakusema pole. Akanisogezea kipande kikubwa. Chumvi ilizidi, mkewe hakufikii hata robo, lakini nikala.

Kesho nakwenda barazani na shati moja. Anayetaka kuuliza aniulize usoni, nami nitamjibu kwa sauti ulikufa na nini. Hiyo ahadi, na ahadi zangu unazijua. Mwili ukirudi, urudi. Usiporudi, jina lako halitachafuliwa mie nimenyamaza.

Pumzika, mke wangu. Siku nikija, usishangae nikiwa mwembamba. Ni mie.

Mumeo,
Baba Zuhura