Kidude cha Mama Hakishiki

Mama yangu mpenzi,

Televisheni yako inaonyesha tena. Nimeona nikwambie wewe kwanza, kwa kuwa ndiwe uliyekuwa ukigombana nayo kila ilipokwama na kile kiduara kikaanza kuzunguka. "Haya, zunguka mpaka Maka urudi!" ulikuwa ukiiambia, nasi tunakufa kwa kicheko.

Tangu tukuzike, Baba amekuwa si wa kusema. Nikimpigia simu kutoka Mtwapa hujibu, "Mzima, alhamdulillahi," kisha huikata. Khalati Zuhura, nduguyo, akimpelekea chakula hukionja tu, akafunika sahani. Basi juma lililopita akanipigia mwenyewe. Baba, Mama! Akakohoa, akawaulizia watoto, akauliza kama huku kumenyesha, mwisho akasema: "Kile kidude cha mama yako hakishiki. Nataka kujua yule binti kama aliolewa."

Yule binti wa tamthilia yenu, Mama! Yeye aliyekuwa akijifunika gazeti usoni, akidai tamthilia zenu za Kituruki zinamtia usingizi! Kumbe alikuwa akichungulia pembeni. Wewe ulijua, sivyo? Ndiyo maana ulikuwa ukihadithia kwa sauti kubwa kila kilichotokea, hata sisi tuliokuwa tukitazama tukaudhika.

Nikamwelekeza kwa simu: zima, chomoa kwenye umeme, subiri kidogo, chomeka. Akafanya yote. "Bado kinazunguka," akasema. Nikamuuliza kama amegusa kitu. "Nimekipangusa vumbi tu, Rukia. Wallahi vumbi tu."

Ijumaa nikaja Malindi. Kidude, kile kinachovuta tamthilia kwa waifai, kilikuwa pale pale nyuma ya televisheni, taa inawaka. Nikaitafuta waifai yetu kwenye skrini: ipo, lakini dhaifu, inaonekana na kupotea. Nikaifuta, nikaandika pasiwadi upya. Kikashika! Tamthilia ikaanza, mtu akafungua kinywa aseme, ikakwama. Nikajaribu kwa simu yangu hapo sebuleni, mambo yakawa yale yale. Nikajua kidude hakina ubaya wowote, ni waifai ndiyo isiyotufikia.

"Baba, rauta ile ya waifai iko wapi siku hizi?"

Akatazama chini. "Iko kule kule."

Kule kule ni chumbani kwenu. Hapo ndipo nilipouona mto juu ya kochi, na shuka lake limekunjwa vizuri pembeni. Mama, kumbe tangu siku ya mazishi Baba alikuwa akilala sebuleni. Ule mlango mzito aliufunga kwa ufunguo matanga yalipokwisha, na hakuna aliyejua. Anakuja Khalati, anakuja jirani, nao humkuta ameshaoga na kuvaa kanzu safi.

Nikamwambia nitaingia mimi, niutoe ule mtambo niulete huku, wala yeye asisumbuke. "Hapana," akasema. "Nitafungua mwenyewe." Ufunguo alikuwa nao mfukoni. Ulimshinda kidogo kuuzungusha. Sikumsaidia. Nilitaka sana, lakini sikumsaidia.

Chumba kilikuwa na joto na harufu ya udi wako. Wale kina mama walioosha vyombo vya matanga walikuwa wameyarundika masufuria ya pilau mezani, yale yako makubwa uliyokuwa ukiwaazima majirani, yakaifunika rauta isionekane kabisa. Masufuria yale, kuta zetu zile nene za mawe, na mlango umefungwa. Waifai ingepita wapi? Tukayatoa, mimi na Baba, moja moja. Tulipomaliza akaiona kanga yako imetundikwa kwenye kitanda. Akakaa, akaipakata, akalia. Sikuwahi kumwona Baba akilia, Mama, hata siku ya mazishi. Nikakaa ubavuni mwake tu… nikalia na mimi. Kisha akainuka, akajifuta, akafungua madirisha yote.

Kidude kilishika mara moja. Tukatazama tamthilia, mlango wa chumba uko wazi, Khalati naye kaja na samaki wa kupaka. Yule binti hakuolewa! Alimwacha bwana harusi mbele ya wageni, akaingia kwenye gari la mamake. Baba akajipiga paja: "Ahsante! Nilimwambia mama yako yule kijana hafai, akanibishia!" Khalati akamtazama, akanitazama mimi, akaangua kicheko. Na sahani yake, Mama, Baba aliimaliza, akaomba wali mwingine.

Siku ile alilala kitandani kwenu. Asubuhi nilimkuta anatandika, ananung'unika kwamba shuka zimechakaa. Nilifurahi kumsikia akilalamika.

Lala kwa amani, kipenzi changu. Mola aipanue nafasi yako na kuitia nuru. Nakuahidi nitakuja kwa Baba kila Ijumaa na wajukuu zako, na shuka mpya nitamnunulia, za maua kama ulivyopenda. Atasema ni za kike. Atazitandika.

Mwanao,
Rukia