Waliomngoja Samir

Kambini, nyuma ya Makunduchi
2 Machi 1998

Mwanangu Zuleikha,

Kwanza nakuuliza khabari zako na za mjukuu wangu Rasha. Mimi mwili haujambo; yaliyobaki anayajua Mola.

Najua mnanitafuta. Nilipoletewa khabari ya Samir sikuaga mtu. Nilitoka na buibui langu nikapanda gari ya kambi inayochukua mboga mjini, ile anayoiendesha Simai. Ndiye atakayekuletea barua hii, na jibu mpe yeye, maana huku simu hakuna.

Basi nimepaona mahali Samir mwanangu, mumeo, alipokuwa akiwaogelesha wageni. Hakutusifia bure. Nyuma ni msitu uliomea juu ya mawe, mnene hata jua halifiki chini, mbele bahari, katikati mabanda machache ya makuti. Watu wanatoka kwao Ulaya kuja kulala hapa pasipo umeme wala kelele. Wamekuja kuutafuta ukimya, na ukimya huo huo ndio unaonila mimi.

Wanasema mgeni mmoja wa kike alichukuliwa na mkondo nje ya mwamba, Samir akajitupa kumfuata. Mgeni alirudi botini. Samir hakurudi. Ni hayo tu, na maiti hakuna aliyeiona. Kwa hivyo sitaki matanga, sitaki khitma, na asije mtu nyumbani kwangu kukupa pole. Samir kajua kuogelea Forodhani kabla hajajua kusoma.

Sirudi mpaka nirudi naye.

Mama yako,
Muzna


Malindi, Mjini
27 Machi 1998

Mama, shikamoo. Nakubusu mikono.

Rasha alishikwa na mafua lakini yamepoa, na mimi mzima. Wewe je, unakula? Usingizi unaupata?

Nimefanya ulivyoagiza. Wanawake wakija na nyuso za msiba nawaambia, "Samir hajafa, Bi Muzna kasema." Hunywa kahawa, hutazamana, huondoka. Jana Bi Mize wa chini kaniuliza, "Basi wewe tukwambieje, Zule? Tukupe pole au tungoje kukupa hongera?" Nikipaka wanja naona haya, na nikiacha kupaka naona kama nimeshamzika.

Mama, najua zamani hukutaka Samir aoe binti wa seremala wa Amani. Lakini baadaye ulinifanya mwanao, na sasa niko peke yangu na mtoto katika nyumba yako. Kila mlango ukigongwa naomba uwe wewe. Rudi tungoje pamoja.

Mkweo na mwanao,
Zuleikha


Kambini
19 Mei 1998

Mwanangu Zuleikha,

Nimefurahi kusikia mafua ya mtoto yamepoa. Mpake mafuta ya karafuu kifuani, mvua hizi si nzuri kwa watoto.

Huku masika yamewafukuza wageni wote. Mwenye kambi, Mtaliana, ana huruma. Kanipa banda la mbele kabisa, lenye kitanda kipana na chandarua cheupe kama cha bibi harusi. Nalala ukingoni. Mvua inapiga makuti tangu alfajiri, na kima punju wanatoka msituni kuja kukaa juu ya paa, mama na mtoto wake kifuani, wameloa chapachapa. Usinicheke, nimemuonea wivu kima.

Maji yakipwa natembea hadi wanakolima mwani. Lugha yao wanawake wa Makunduchi naipata nusu, lakini mmoja, Mwatima, kanieleza kuhusu mtu wao aliyepotea baharini wakamlilia, kumbe kaokotwa Mafia yu hai. Umesikia? Mafia.

Nahodha wa ile boti ni kijana wa hapa, jina lake Usi. Nimemuuliza aliona nini. Alitazama miguu yake, akasema, "Mama, nilimuona anamsukuma mgeni apande botini."

"Khalafu?"

"Khalafu mawimbi."

Hakusema kamuona anazama. Shika hilo.

Mama yako,
Muzna


Malindi
11 Julai 1998

Mama yangu, shikamoo.

Natumai baridi ya kusi haikuumizi magoti. Nimempa Simai shali lako la sufu akuletee.

Nisikilize bila ya kunikasirikia. Nimekwenda kwa kadhi, baba akanisindikiza. Kadhi kasema asiyejulikana alipo huhesabiwa yu hai, na mimi ni mke wake hata nikizeeka, isipokuwa aje mtu aape kwamba kayashuhudia mauti yake kwa macho yake.

Na mtu huyo yupo, mama. Simai kaniambia Usi aliona mpaka mwisho. Kila akiambiwa aje aseme, hujibu, "Siwezi kuapa, na mamake yuko pale ufukweni anamngoja."

Sikutafuta mume. Nataka nijue mimi ni nani. Nikimuombea Samir sijui nimuombee arudi au nimuombee rehema, na nikiswali ulimi unanigongana. Mruhusu Usi aseme. Likiwa zito, tutalibeba sote wawili.

Mwanao,
Zuleikha


Kambini
15 Julai 1998

Zuleikha,

Salamu nimezipata, na shali nimelipata.

Kumbe haja yako ndiyo hiyo. Mumeo hajakauka maji mwilini, wewe unakimbilia kwa kadhi kutafuta ujane. Kaolewe ukitaka, lakini si kwa kiapo cha Usi, na si mimi nikiwa hai.

Muzna


Kambini
23 Januari 1999

Mwanangu Zuleikha,

Je, u mzima? Rasha mzima? Barua zako zote tangu Julai zimefika. Nilizisoma nikashindwa kujibu. Nimesikia umehamia Amani kwa babako. Umefanya vyema, nyumba tupu haimfai mtoto.

Mimi banda la wageni nilitoka zamani, walipoanza kurudi. Walikuwa wakinipiga picha, mwanamke wa buibui anayetazama bahari. Sasa nalala upande wa wafanyakazi na nafua mashuka.

Nilikuwa nimeshakata shauri ya kwenda Mafia. Nilimwambia Simai anitafutie safari. Asubuhi nakamua mashuka nyuma ya jiko, Usi akaja akashika ncha ya pili. Tukakamua shuka mbili. Khalafu akasema, "Mama, usende Mafia."

"Kwa nini nisende?"

"Kwa sababu nilimshika."

Nikaliachia shuka likaanguka mchangani.

"Alipokwisha kumpandisha mgeni, wimbi liliinua boti likamshushia kichwani," akasema. "Niliruka nikamshika mkono, nikamtoa uso juu ya maji. Nikamwita, hakuitika. Macho yake wazi, maji yanaingia, hayapepesi. Na boti inakwenda kwenye mwamba na watu ndani, wala hapana wa kushika mashine. Nikamwachia."

"Ulimwachia?"

"Alikuwa keshakufa, mama. Wallahi alikuwa keshakufa. Nilitaka nirudi nimchukue, mkondo ulikuwa umeshamchukua."

Nilitaka kumlaani. Nilimuuliza jambo moja tu: mkono wake ulikuwa wa baridi au wa moto?

Akasema, "Ulikuwa wa moto."

Usi anakuja mjini na barua hii. Mpeleke kwa kadhi, aape. Nimempa ruhusa kwa mdomo wangu, na nilipoitoa nilihisi vidole vyangu navyo vinafunguka.

Lile neno la Julai, nisamehe.

Mama yako,
Muzna


Amani, Ng'ambo
20 Februari 1999

Mama, shikamoo. Magoti yako je? Rasha hajambo, anakuulizia.

Nilikusamehe siku ile ile, kabla sijaikunja barua.

Usi kaapa. Alilia mbele ya kadhi mpaka akaletewa maji. Nami nilikuwa nimeshaweka tayari nguo nyeupe nikae eda. Kadhi kasema eda huhesabiwa tangu siku aliyokufa mtu, si tangu siku mke aliyojua. Yangu imeshapita zamani. "Uko huru, mwanangu," akaniambia. Mama, sikukaa eda ya Samir hata siku moja. Ilinipita nikiwa nauza maandazi na kumsuka nywele mtoto. Nimerudi nyumbani nikazivaa zile nguo hivyo hivyo, nikakaa chumbani mpaka baba akaja kunitoa.

Khitma tutasoma Ijumaa ijayo, kwako Malindi. Simai atakuwekea nafasi garini. Njoo, siwezi kuisikia peke yangu.

Kuna jambo jengine, na ni bora ulisikie kwangu. Bwana Hasan wa Kiembe Samaki, aliyefiwa na mkewe, kaniposa kwa baba. Sijajibu. Nimesema mpaka mama aseme.

Mwanao,
Zuleikha


Kambini
9 Machi 1999

Mwanangu Zuleikha,

Nakusalimu wewe na Rasha. Mungu azikubali dua zenu mlizomsomea Samir.

Simai hana kosa, alinisubiri. Nilikoga, nikavaa, nikafika mpaka kwenye mlango wa gari, na mguu ukakataa kupanda. Mwenye kambi kasema nikae nitakavyo, mashuka hayeshi. Usi nnamwamini, usidhani nimerudi kungoja. Singoji. Lakini mjini nina nyumba tupu, na huku angalau pana maji aliyomo.

Hasan, ikiwa ana dini na ana huruma, mkubali. Rasha mwache amwite baba, wala usimsahihishe. Vyombo vyangu na dhahabu yangu iliyomo kabatini ni vyako. Nenda kavichukue kabla nyumba haijaingiwa na maji ya masika.

Na barua, mwanangu, usiniandikie tena. Si kwa chuki. Ila kila Simai akishuka garini na bahasha mkononi, kabla sijautambua mwandiko, moyo hunipiga nikidhani imetoka kwake.

Mama yako,
Muzna