Macho ya Kukhu Katika Fremu

Eldoret, Jumatano

Kwa kaka yangu Walubengo,

Ninakuandikia kukutaka ubadilishe picha ya Kukhu kabla ya Jumatatu, siku ambayo waandalizi wa maonyesho watapokea kazi yetu: shairi langu na picha yako katika fremu moja.

Huku mjini umeme umepotea mara mbili wiki hii. Natumaini huko Soy hamjambo.

Nitasema wazi. Mimi nimesomea ushairi miaka minne. Wewe unapiga picha za pasipoti dukani kwako. Shairi langu linasifu macho ya Kukhu, nyanya yetu, yanayolinda mahindi kutoka mlangoni. Nawe ukaniletea mwanamke aliyefumba macho, akipapasa ukuta! Kamera yako hata mbuzi akiikanyaga itatoa picha. Kazi yako ni kufuata beti zangu, si kuzipinga.

Nilipokupigia simu ulinicheka. "Madam mshairi, Kukhu haoni tangu mwaka juzi. Hayo macho uliyaona wapi? Ulikuja huku lini?"

Nilikata simu. Nilikuwa na mitihani, kisha mahojiano ya kazi, na hakuna aliyeniambia. Sikuuliza pia.

Tangu jana naitazama picha hiyo nikitafuta ubeti mpya, na sijapata hata mstari. Usijivune; mwanga wake bado ni mbovu.

Basi usiibadilishe. Nitakuja kumwomba Kukhu msamaha, kisha anieleze anavyolijua shamba lake sasa, nami niandike upya. Kamera yako iache dukani. Tukutane kwake Jumamosi, saa nne asubuhi.

Dada yako,
Linah Nabwire