Mashine ya Mkono Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Leo mke wangu kaniambia wakati wa chai, kama mtu anayesema sukari imekwisha. Vifaa vyake vya usonara anaviuza. Meza, jiliwa lake la kubania, tupa zote, koleo, hata kile kigoda chake. Mwanafunzi wake wa zamani atakuja na pikapu Jumamosi ya wiki ijayo kuvichukua. Yule aliyekuja hapa kwetu na kucha zimejaa grisi, na neno la kwanza aliloambiwa likawa "nawa mikono, ukae". Siku hizi ana duka lake la usonara.

Miezi saba tangu kiharusi. Mguu umerudi, maneno yamerudi – yote, hata yale makali! – mkono wa kushoto ndio umegoma. Anavaa mwenyewe. Anakata vitunguu kwenye ubao niliompigilia misumari miwili ya kushikilia. Lakini pete ya fedha huipigi tupa kwa mkono mmoja. Mmoja unashika, mwingine unasugua. Mezani kwake, chini ya kitambaa, iko ile pete aliyoiacha siku ile. Bega moja (ndivyo anavyouita ubavu wa pete) linang'aa, la pili bado lina mikwaruzo ya tupa. Hajaigusa. Na mimi sijathubutu.

Nikasema, na mashine je? Zile ndogo za kuzunguka, za kusugua na kung'arisha? Akacheka. Kidole kimoja hakivunji chawa, Karani. (Ananiita Karani kwa ajili ya miaka thelathini na moja niliyokaa ghalani nikigawa spana za watu.) Nikamwomba anipe mpaka hiyo Jumamosi. Haya, tafuta, akasema. Kwa sauti ile ya kumridhisha mtoto.

Nitatafuta. Nimwone huyu anauza kigoda chake? Sikubali!

Jumatano, 5 Machi

Duka la vifaa. Nimesimama muda mrefu mpaka muuzaji akanisogezea kiti. Ya kwanza ni ya betri, nyepesi kama mswaki. Nikaikandamiza kidogo kwenye kipande cha shaba – ikazimia. Ya pili mota yake iko mkononi kabisa, nzito kiasi, lakini ina nguvu, na mwendo unaupunguza upendavyo. Na sanduku lake! Vichwa mia moja na arobaini, vya kusugua, kukata, kutoboa, kung'arisha, kila kimoja na kitundu chake. Moyo wa mtu wa ghala ukayeyuka. Nimebadilisha vichwa mara tano, sita. Safi kabisa.

Nimeichukua. Kesho nampa.

Alhamisi, 6 Machi

Mjinga mimi. Mjinga wa kutupwa!

Alilifungua sanduku kwa mkono wa kulia na meno. Akaipenda, nilimwona. Akaipima uzito, akaigeuza, akaniambia imeundwa vizuri. Kisha akataka kubadilisha kichwa. Unabonyeza kitufe hapa, na huku unakaza nati. Hapa na huku! Akajaribu kubonyeza kwa kidevu. Akaibana kwa magoti. Nati ikachoropoka, ikaingia chini ya kabati.

Akarudisha vichwa vyote sandukuni, kimoja kimoja, kila kimoja kitunduni kwake. Akafunga. Ndipo akasema: "Umechagua vizuri, Karani. Umejichagulia wewe."

Kweli tupu. Dukani niliijaribu kwa mikono miwili. Yote miwili! Miaka thelathini na moja napokea bidhaa na kukagua, na sikukumbuka kukagua kwa mkono wa mwenyewe.

Jumamosi, 8 Machi

Jana sikuandika. Aibu.

Leo nimerudi dukani, mkono wa kushoto nimeutia mfukoni na kuapa hautoki. Nikawa naomba hii, naomba ile, nazifungua kwa mkono mmoja, zinanianguka. Muuzaji akanitazama kwa jicho la pembeni. Mwisho akashindwa kuvumilia: "Mzee, samahani, huko mfukoni kuna nini?" Nikamweleza. Halafu – Mungu ambariki yule mtu – akaweka mkono wake wa kushoto nyuma ya mgongo, tukazijaribu zote pamoja. Watu wazima wawili, na videvu vyetu na magoti yetu! Wateja wakacheka mpaka mmoja akaja naye kujaribu.

Hakuna hata moja. Zote zinataka kitufe na nati. Akakubali kuipokea tena ya kwangu, sanduku na vichwa vyake (nati niliitoa chini ya kabati kwa ufagio). Akasema, kuuliza si ujinga mzee, nenda nyuma ya zahanati kwa fundi wa meno ya bandia. Wale wanabadilisha vichwa kutwa nzima.

Jumatatu, 10 Machi

Fundi wa meno ni mama mnene mwenye kicheko kikubwa. Rafuni meno ya watu yamepangwa, nayo yananicheka. Nikamwambia shida yangu, mkono mfukoni.

Lo! Mota yake ni kiboksi, kinakaa mezani na uzito wake huko huko. Kinachoshikwa ni kitu chembamba kama kalamu, kimeunganishwa kwa waya. Kichwa ukitaka kukitoa, unazungusha pete ya shingoni kwa kidole gumba, nusu mzunguko – kinadondoka. Unaingiza kingine, unarudisha. Mkono mmoja! Kuwasha na kuzima ni kwa mguu, kwenye pedali. Nikafanya mara kumi. Akaniuliza kama nataka kuolewa nayo.

Nikamuuliza pia kuhusu zile za mota ya kuning'iniza. Akasema hizo zina nguvu zaidi, ila ule mrija wake mnene wa kutoka kwenye mota unauvuta mkono, na wa pili ndio unaoutuliza. Wa pili! Basi hizo tumeziacha. Akanionya: fedha si plastiki, asikimbilie mwendo mkubwa. Nywele zifungwe, miwani, barakoa kwa ajili ya vumbi, na glavu hapana, zinanaswa. Amempigia simu anayewauzia. Keshokutwa inafika.

Jumatano, 12 Machi

Imefika. Alibadilisha kichwa cha kwanza bila kuangalia, macho yapo kwangu. Cha pili. Cha tatu. Nilitaka kupiga vigelegele, mwanamume mzima.

Kisha akatoa kitambaa, akaichukua ile pete. Tukatazamana. Mashine anaishika kwa mkono wa kulia. Na pete, nani ataishika?

Nikasema haraka: nitashika mimi! Nilikuwa nimeshavuta kiti. Akatikisa kichwa. Alisema taratibu, bila hasira, kwamba nikishika mimi itakuwa pete yetu, na pete yetu si kazi yake. Nikaumia kidogo. Baadaye nikaona ana haki. Mimi mwenyewe ghalani sikumruhusu mtu anishikie kalamu.

Ameibana pete kwenye jiliwa, katikati ya vipande vya ngozi. Anasugua upande, anafungua, anageuza, anakaza, anasugua. Kila mara aweke mashine chini. Mpaka adhuhuri hajafika hata robo ya bega. Akazima, akabaki analitazama jiliwa. Muda mrefu. Nimeishi naye miaka mingi, najua akitazama kitu hivyo usimsemeshe.

Alhamisi, 13 Machi

Asubuhi akaniomba kandambili yangu ya zamani. Kwa nini? Lete tu. Akakata kipande cha mpira kwa mkasi, akakizungushia ile kalamu ya mashine, akaibana YENYEWE kwenye jiliwa! Kalamu imelala imetulia, kichwa chake cha gurudumu kinazunguka, na pete iko kwenye mkono wake mzima. Anaipeleka kwenye gurudumu, anaigeuza kwa vidole, anairudisha.

"Mashine ikae," akasema. "Mimi ndiye ninayetembea."

Wiki nzima nazunguka madukani, na jibu limo kichwani mwake na kwenye kandambili yangu! Namstaajabia mke wangu. Naandika hapa kwa sababu nikimwambia atasema namsifu mgonjwa.

Mchana gurudumu likainasa pete, ikaruka – tii! – ikagonga kopo la sukari. Tukatafuta kwa magoti, mimi huku, yeye kule. Akaipata kwa kuikanyaga. Tukacheka mpaka akaegemea ukuta. Tangu kiharusi sijasikia kicheko hicho.

Ijumaa, 14 Machi

Amefunga mlango. Nasikia mlio tu. Ukishuka, anafikiri. Ukipanda, amepata.

Alipotoka kula, vidole vyeusi, nikauliza: na kesho? Akasema kesho ni kesho, mwanafunzi wake ameshakodi pikapu, na ahadi ni deni. Akaomba chumvi. Mashine tunayo na meza tunaiuza?

Jumamosi, 15 Machi

Naandika jikoni, nimesimama. Mashine inalia tangu saa mbili, mlio wa chini, wa polepole. Pikapu imefika sasa hivi. Mwanafunzi wake amekuja mwenyewe, na wapagazi wawili, na kamba za kufungia meza. Amevaa vizuri, mtu wa duka. Alipousikia ule mlio akasimama hapo hapo mlangoni, hodi yenyewe hakuimaliza.

Nikaenda kwa fundi, mke wangu. Miwani, barakoa, kitambaa kichwani. Nikamwambia mgeni kafika. Mguu haukutoka kwenye pedali. Nikasema tena, kwa sauti: kaja na kamba! Akainua pete kwenye mwanga wa dirisha. Mabega yake yote mawili yanang'aa. Akaigeuza, akaona kitu ambacho mimi sikukiona, akairudisha kwenye gurudumu.

"Mwambie anawe mikono," akasema. "Akae."

Akae wapi? Kigoda ni kimoja, na amekikalia yeye.

Nimempelekea mgeni sabuni na ujumbe. Amewaambia wapagazi wasubiri nje. Yuko hapa kwenye sinki, amepandisha mikono ya blauzi yake nzuri, anasugua kucha ambazo hazina uchafu wowote. Ananiuliza kama kuna kigoda kingine. Naenda kukitafuta