Upinde wa Nyumba ya Kipofu

Baba yangu,

Mwangaluka, baba. Nimekaa kwenye kigoda chako, na hakuna aliyethubutu kuniambia niinuke, ingawa uani kumejaa ndugu. Wamekuja kwa ajili ya kesho. Kesho tunamaliza matanga yako, na ukoo utamkabidhi Masunga upinde wako, kwa kuwa ndiye mtoto wako wa kiume. Jana baba mdogo aliniita pembeni, akaniambia kwa upole kabisa, "Kabula, ulikuwa macho ya baba yako. Sasa kaka yako amerudi. Weka upinde chini, mayu, upumzike."

Nakuandikia wewe, maana wewe ndiye uliyeyaanzisha haya.

Unakumbuka msimu ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kufika Dutwa, kila mmoja na mizani yake? Masunga aliona wenzake wanarudi kutoka machimbo ya dhahabu na redio, akachukua baiskeli yako akaondoka. Tukabaki wewe, mama na mimi. Macho yako yalikuwa yameshakwisha kabisa. Wezi wa ng'ombe walikuwa wamezidi, na amri ya sungusungu ilikuwa moja: yowe la mwano likipigwa, kila nyumba itoe mtu na upinde wake. Nyumba isiyotoa mtu inatengwa. Hakuna wa kuwapa moto, hakuna wa kuwasalimia kisimani. Sisi tulikuwa tumeshaonywa.

Mama alilia. Wewe uliomba ugoro, ukavuta, ukapiga chafya, ndipo ukasema, "Kabula, niletee upinde."

"Upinde ukishikwa na mwanamke unalala," mama akasema.

"Na usiposhikwa na mtu je, unaamka?"

Ukaniagiza nijaze pumba kwenye gunia, nilitundike kwenye mgunga ulioko nyuma ya zizi. Mwalimu kipofu na mwanafunzi mwoga! Majirani walipita wakijifanya wanatafuta mbuzi, kumbe wanakuja kucheka. Hukuwajali. Ulinisimamisha, ukaweka kiganja chako katikati ya mabega yangu, ukasema, "Mkono hauvuti upinde. Mgongo ndio unaovuta. Na wewe mgongo unao, umelima pamba tangu utoto." Kisha ulikaa ukasikiliza. Mshale ukiingia kwenye pumba ulijua. Ukipita majanini ulijua pia, na ulinituma nikautafute mpaka niupate, jua liwake lisiwake.

Halafu mwano ukapigwa, asubuhi moja ya kiangazi. Nilikimbia na upinde mpaka uwanjani, nikamkuta ntemi wa sungusungu akipanga watu. Na hapo, baba, magoti yangu yakafanya yalivyozoea kufanya magoti ya msichana aliyelelewa vizuri. Nilipiga magoti. Niliweka upinde chini, nikainamisha kichwa, nikamsalimia mzee, mishale ikamwagika vumbini. Ng'ombe wa watu wanaswagwa kuelekea Maswa, mimi natoa salamu! Wanaume walicheka hadi wakashika mbavu. Ntemi akasema, "Mrudisheni kwao. Wezi hawangoji kusalimiwa."

Nilirudi nalia. Nawe ukacheka mpaka ukakohoa, na siku ile nilikuchukia kweli. Ulipotulia ulisema, "Kupiga magoti si kosa, mimi na mama yako ndio tuliokufundisha. Kosa ni kuweka upinde chini. Tangu leo utapiga magoti nao."

Basi tukaanza upya. Nilijifunza kushuka upinde ukiwa mkononi, kuulaza kidogo ubavuni usiguse ardhi, na kuvuta nikiwa pale pale chini. Magoti yalichubuka. Mama, aliyekuwa amesema upinde utalala, ndiye aliyekuwa akiyapaka samli jioni.

Ntemi alipokuja na watu wake kututangazia kutengwa, nilimpigia magoti kando ya zizi, upinde mkononi. "Mwangaluka, baba." Nilimsalimia salamu kamili, nikamuuliza hali ya wake zake na ng'ombe wake. Kisha, bila kuinuka, nikageuka nikapiga gunia. Mshale uliingia mpaka manyoya. Wewe uliusikia ukatabasamu. Yeye aliutazama mshale, halafu akaitikia akiniita mama: "Mwangaluka, mayu." Tangu siku hiyo nyumba yetu ilihesabiwa, na tuliporudisha ng'ombe wa jirani kutoka njia ya Maswa, nilikuwa miongoni mwa waliowaswaga kurudi nyumbani.

Sasa wananiambia nilikuwa macho yako tu. Maneno hayo yameniuma, baba, na usiku kucha nimejiuliza kama ni kweli. Alfajiri nikakumbuka ule mwaka Masunga alipokuja kusalimia. Alikuwa amekaa hapa hapa, mzima, ana macho mawili. Tukasikia kanga wakilia upande wa mbugani. Masunga akainuka haraka, akasema, "Twende, baba." Ukamwambia, "Wewe kaa, mwanangu, umechoka na safari. Kabula, twende." Tukaenda, wewe umeshika ncha moja ya upinde na mimi nimeshika nyingine, nikikuongoza kati ya visiki vya pamba. Kama ungehitaji macho tu, ya Masunga yalikuwapo. Tulipata kanga wawili, ukakataa kunisaidia kuwabeba.

Kwa hiyo nimeamua. Kesho nitapiga vigelegele Masunga akipokea upinde, na nitavipiga kwa moyo, maana ni ndugu yangu na hiyo ni haki yake. Lakini kuna Mbuke hapo jirani, mume wake yuko machimbo tangu mvua za mwaka jana, na fisi wanaingia zizini kwake wanavyotaka. Kuna wenzake wengi wa namna hiyo. Wamekuwa wakija kwangu kujifunza upinde wakitoka shambani, na mti wa mkole nimewakatia mwenyewe nikawaonyesha jinsi ya kuuchonga. Gunia la kwanza wameshalichana vipande. Maji tumeyavulia nguo, hatuna budi kuyaoga.

Nimewaambia waje kesho hiyo hiyo, hapa uani, chakula kikishaliwa na kabla wazee hawajatawanyika. Wazee watakuwa wameshiba, hawatakuwa na haraka ya kwenda popote. Wakitaka kunikataza kufundisha, watanikataza mbele ya wake zao na binti zao, maana hao ndio watakaokuwa wameshika pinde.

Kwaheri, baba. Nakupenda, na sijawahi kukuambia.

Mimi binti yako,
Kabula